Betri za Shangazi

Zahanati ya kilimani
Jumanne, 4 Februari

Mwanangu, mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Najua barua yako itaanza na shikamoo, basi naitikia mapema, tusipotezeane muda. Nakuandikia juu ya kifuniko cha sanduku la dawa huku droni yenu imekaa uwanjani ikinisubiri. Simu huku ni ya kubahatisha mpaka upande ule mwamba wa nyuma ya shule, na magoti yangu na mwamba ule hawasemezani. Kwa hiyo barua itapanda ndege, mwenyewe nitabaki chini.

Mawe ya uwanja nimeyapaka chokaa upya. Mlinzi anafukuza mbuzi kabla ndege haijatua, na amejipa cheo, anasema yeye ni mkuu wa usalama wa anga. Yule mkunga wangu, binti mpole aliyeletwa mwaka jana, amejifunza kufungua sanduku bila kutetemeka. Kazi ya betri sijamwachia mtu. Naitoa iliyochoka, naweka iliyojaa, ndege inarudi kwenu. Iliyochoka inakuwa na joto kama mtoto mwenye homa, basi naipoza kwanza, ndipo naichaji kwa umeme wa sola, kisha nailaza mpaka siku yake ifike. Ulisema mahali pakavu, pasipo na joto. Kumbuka unayemwambia ametunza chanjo tangu hujaota meno. Betri zako nimezipa malazi kuliko haya yangu.

Damu ya juzi ilifika salama. Mama yule yuko hai, na mtoto wake analia kama anayedai haki. Zamani tungemfunga kwenye machela na kuomba gari, na kabla gari halijaanza kushuka tungekuwa tumeanza kuomba mengine. Wewe unakaa na chaja zako huko mjini unadhani unafanya kazi ndogo. Si ndogo.

Kula vizuri. Mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Shangazi yako


Chumba cha betri
Alhamisi, 6 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma marahaba yako kabla sijaamkia, nikacheka peke yangu mpaka Rubani akachungulia mlangoni. Tunamwita Rubani ingawa hajawahi kupanda ndege. Anaendesha droni akiwa kwenye kiti chenye mguu mmoja mbovu, na akiyumba kwenye kiti anasema amekutana na upepo.

Huku mimi ni mlezi. Nina makabati ya chuma, ndoo za mchanga, chaja ukutani, na dirisha ambalo halifungwi hata mvua ikinyesha. Betri ikirudi naigusa, naitazama tumbo, naiacha ipoe. Wakati wa kuchaji sitoki chumbani, hata kwenda haja namwita mtu anishikie zamu. Zile ambazo hazina safari naziacha zikiwa nusu. Betri iliyojaa ikikaa bure inaharibika, kama mtu aliyeshiba asiye na kazi, anatafuta ugomvi tu. Ukiweza huko nako zile za akiba ziache nusu, uzijaze asubuhi ya safari. Lakini utakavyoona wewe.

Kuzipoza kabla ya kuchaji umefanya sawasawa kabisa. Nimemsomea Rubani kipande hicho, akasema kila kituo kingekuwa na shangazi mmoja wa aina yako, sisi tungelala usingizi.

Jambo moja tu linaninyima raha. Mkuu wa kituo amesema njia ya kilimani bado iko kwenye majaribio. Ikienda vizuri mpaka katikati ya mwaka, itabaki. Ikileta balaa, wataifunga na droni itapelekwa kwingine. Nakuomba uniombee, na uniombee kwa sauti, maana Mungu anakusikiliza kuliko sisi.

Mwanao


Zahanati ya kilimani
Jumatano, 19 Februari

Mwanangu,

Naandika haraka. Kuna watoto wengi, wote wanakohoa, na ukungu umekaa mpaka saa hizi. Nakutumia makohozi ya wagonjwa wanne yapimwe huko. Betri nimeitoa malazini sasa hivi, safi, taa zote nne zinawaka.

Ile habari yako ya nusu nusu siikubali. Mama akianza kuvuja damu sitamwambia asubiri nijaze betri. Tochi ya wodi ya wazazi siku zote imejaa, na betri zako zitakuwa hivyo hivyo. Usininunie.

Shangazi


Chumba cha betri
Alhamisi, 20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji, kwa sababu droni hairuki tena kwa sasa. Usishtuke, nitakueleza taratibu.

Jana ilipaa kutoka kwako vizuri. Taa zilisema imejaa. Ilipofika juu ya bomba la maji lililo chini ya shule, Rubani akaona nguvu inaporomoka ghafla, kama mtu aliyekatwa pumzi akipanda ngazi. Akaisukuma pembeni kadiri alivyoweza. Ikaanguka kwenye maharage, karibu na mwanamke aliyekuwa anajaza ndoo. Hakuguswa. Makohozi nayo yako salama, sanduku halikufunguka. Lakini mwanamke yule ameapa hatateka tena maji pale, na Mkuu alikwenda mwenyewe kumwomba radhi.

Sasa Mkuu ananiuliza mimi. Betri ni mkono wangu, ikizimia angani jina langu ndilo linaloanguka nayo. Ameniambia nimpe maelezo, na asiporidhika nitafute pengine pa kulea vitu. Njia ya kilimani ameisimamisha.

Nimeifungua betri yenyewe. Nimekuta matone ndani ya gamba, kama yale yanayoota kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye baridi. Labda ni ukungu wa huko kwenu. Samahani kwa kukuuliza Shangazi, si kwamba nina wasiwasi na wewe, nataka tu nijue la kumwambia Mkuu. Betri zinalala wapi hasa?

Mwanao


Zahanati ya kilimani
Jumatano, 26 Februari

Mwanangu,

Swali lako limenichekesha, kisha limeniudhi, na sasa nimetulia ndiyo maana nakujibu.

Betri zako zinalala kwenye friji. Si friji ya chanjo. Mle haiingii hata soda ya mganga mkuu, na aliwahi kujaribu. Ni ile ya zamani, tuliyoistaafisha tulipoletewa mpya. Bado inapoza vizuri kuliko vijana wengi wanavyofanya kazi. Nimeisafisha, nimeipanga, nimetundika kipimajoto mlangoni, na asubuhi na jioni naangalia mwenyewe kama ninavyoangalia chanjo. Humo hakuna joto, hakuna panya, hakuna vumbi. Sasa niambie huo unyevu umetoka wapi kama si huko kwenu, mnakoacha dirisha wazi mvua ikinyesha.

Nimemfikiria yule mwanamke wa bomba siku nzima. Kama ingemwangukia, leo ningekuwa namshona. Mwambie Mkuu wako kwamba hapa juu kuna akina mama sita wanaokaribia kujifungua na wawili kati yao siwapendi hata kidogo, nina maana sipendi wanavyovimba miguu. Wakinifungia njia hii, nitarudi kwenye machela.

Na mwambie pia kwamba wewe nimekulea mimi, na mtoto niliyemlea hana uzembe. Akitaka nishuke nimwambie mwenyewe, nitashuka.

Shangazi yako


Chumba cha betri
Jumatatu, 3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Ahsante kwa kunitetea. Usijisumbue kushuka, mambo yamekwisha.

Nimemwambia Mkuu betri ile ilikuwa kuukuu na mimi ndiye niliyechelewa kuiondoa kwenye safari. Amenionya kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi utakayoisoma wewe, kisha akakubali. Droni nyingine itaanza kuja kwako wiki ijayo. Ikianguka tena, njia inafungwa na mimi naondoka, lakini haitaanguka.

Kuhusu friji, nimeona jinsi ulivyojitahidi, na kipimajoto pia. Hakuna mtu angezitunza kwa moyo zaidi yako. Kuna kitu kidogo tu, wala si kosa, ni tabia ya betri zenyewe. Hizi betri hazipendi baridi sana. Zikipata joto kidogo kabla ya safari, zinaamka vizuri zaidi. Nimeona nikudokeze tu. Wewe ndiye mwenye kujua namna ya kutunza, nami sina la kukufundisha.

Rubani anakusalimu. Amepewa kiti kipya na sasa analalamika kwamba hakuna upepo.

Mwanao


Zahanati ya kilimani
Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Ndege yenu mpya ni nzuri, haina kelele kama ya kwanza. Imenikuta na furaha, na nikiwa na furaha huwa naandika sana, kwa hiyo vumilia.

Ulinidokeza kwamba betri hazipendi baridi, nikasema kumbe. Ungesema tangu mwanzo kwamba ni watoto njiti, tungeelewana siku ile ile. Baridi, joto, kupoa, kuamka, hiyo ndiyo kazi yangu. Friji nimeizima. Betri zote nne nimezihamishia chumba cha watoto, kwenye rafu ya chini ya kitanda cha joto. Kitanda kile kikiwashwa, chini panabaki vuguvugu usiku na mchana. Nimezifunga kwenye blanketi dogo, kila moja na lake. Juu ya kitanda amelala binti wa mwalimu mmoja wa kike wa shule yetu, amezaliwa kabla ya wakati wake na ni mdogo kama mkate, lakini ananyonya. Nawaambia wageni nina watoto watano chumba kimoja, mmoja wa mwalimu na wanne wa serikali.

Na zote zimejaa. Kila jioni nazigusishia chaja kidogo zisipungukiwe.

Zinanikubali malezi. Moja hata imenona, imejaa tumbo na ina joto lake yenyewe. Mwanzoni nilifurahi. Leo asubuhi nimeitazama tena nikaona hapana, huku si kunona, huku ni kuvimba. Ngozi imekaza, ukiibonyeza inarudi kama jipu lililoiva. Nadhani imeingiwa na hewa. Usipate taabu ya kuja, jipu ni jipu. Jioni nikimaliza kliniki ya watoto nitaiweka kwenye trei, nitaitoboa upande kwa sindano nene, hewa itoke, kisha niizibe kwa plasta. Nitakuandikia inavyoendelea.

Wale akina mama wawili niliokwambia, mmoja amejifungua salama. Mwingine bado ananitia tumbo joto.

Shangazi yako


Chumba cha betri
Jumatatu, 24 Machi

USIITOBOE.

Shangazi, nimeibandika barua hii juu ya kifuniko cha sanduku uisome kabla ya kufungua chochote. Nimepiga simu yako, ya mlinzi na ya duka, hazipatikani.

Ile betri iliyovimba usiitoboe kwa sindano wala kwa kitu kingine. Usiibonyeze tena. Ndani hakuna usaha wala hewa ya kawaida. Ukiitoboa itawaka mkononi mwako, moto wake unaruka, na moshi wake ni sumu.

Mtoe mtoto chumbani kwanza. Mtoe sasa hivi, umpe mama yake amlaze kifuani, ndipo uendelee kusoma.

Zima kitanda cha joto. Usichaji betri yoyote. Iliyovimba ichukue kwa beleshi lenye mpini mrefu, taratibu, usiiangushe, uipeleke katikati ya uwanja juu ya mchanga mtupu. Iache hapo. Watu wote warudi nyuma, upande upepo unakotoka. Ikianza kutoa moshi msiisogelee, na usimruhusu mlinzi kuwa shujaa. Zile tatu nyingine zitoe pia, kila moja peke yake, uziweke nje kivulini mbali na jengo na mbali na nyasi. Droni ibaki hapo. Usiirudishe.

Friji ndiyo iliyoangusha droni ya kwanza. Nilijua siku niliyopokea barua yako ya Februari. Betri ikitoka kwenye baridi kali taa zinasema imejaa, lakini ikibeba mzigo inazimia. Na ikitoka humo inaota matone. Nilijua, nikaandika kwamba si kosa. Lilikuwa kosa. Na kuzilaza kwenye joto zikiwa zimejaa ni kosa kubwa kuliko la kwanza, na hilo umelipata kwangu, kwa sababu nilidokeza badala ya kusema.

Nimemwambia Mkuu kila kitu. Nisingemwambia, asingeruhusu droni kupaa bila ratiba.

Mtoto ametoka?


Zahanati ya kilimani
Alhamisi, 27 Machi

Mwanangu,

Mtoto alitoka. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu najua hujala tangu Jumatatu.

Nilikuwa nimeshanawa mikono. Trei iko mezani, betri iko juu ya trei, sindano nimeichagua. Nje nikasikia ndege. Sikuisubiri, nikajiambia haijapangiwa saa hii, atakuwa Rubani anachezea kiti chake. Mkunga ndiye aliyekwenda uwanjani. Nilimwona anakuja mbio na kifuniko cha sanduku kifuani, na yule binti hajawahi kukimbia mbele yangu hata siku moja. Alikisimamisha kifuniko mbele ya macho yangu kama mtu anayeonyesha kioo.

Nilifanya kama ulivyosema, hatua kwa hatua. Beleshi nililibeba mwenyewe, sikumpa mtu. Niliilaza katikati ya uwanja nikarudi nyuma, tukasimama wote ukutani, mama wa mtoto akiwa mbali kabisa chini ya shule. Kwa muda haikufanya kitu. Mlinzi akaanza kunitazama kwa lile jicho la kusema bibi amezeeka. Kisha ikazomea kama sufuria iliyofunikwa, ikatoa moshi mweupe, ikalipuka moto. Ilirukaruka pale chini kama kitu chenye roho. Mawe yangu ya chokaa upande mmoja yote ni meusi. Tulisimama mpaka ikaisha.

Niliingia chumba cha watoto nikaangalia rafu ile. Blanketi la betri ile bado lilikuwa limekunjwa vizuri. Kutoka pale mpaka kwenye godoro la mtoto ni urefu wa mkono wangu. Nimepokea watoto wengi kwa mikono hii kiasi kwamba wengine wananiletea wajukuu, na Jumatatu nilikaa sakafuni nikailia mikono yangu mwenyewe.

Sasa nikwambie linaloniuma, na usinikatishe.

Kukosea si jambo geni. Mimi betri sikuzisomea. Ungeniambia, "Shangazi, friji hapana," ningebisha, ningekutukana kidogo, kisha ningezitoa. Mwezi mzima ulijua. Uliandika kwamba hakuna mtu angezitunza kwa moyo zaidi yangu. Ulijichomea jina lako kwa Mkuu wako ili mimi nisisikie neno moja gumu, ukanitumia vichekesho vya Rubani.

Unajua ni nani mimi ninayemwambia maneno matamu? Mgonjwa ambaye dawa zangu zimefika mwisho. Anayepona namkemea, namwambia acha hiki, kunywa kile, usinifanye mjinga. Yule ambaye sina tena la kumfanyia, huyo nakaa kitandani kwake, namshika mkono, namwambia unaendelea vizuri mama, umejitahidi sana. Nimezisoma barua zako zote upya na nimejikuta kwenye kitanda hicho. Sikujua kwamba wewe ndiye umenilaza pale.

Nilikulea usimwogope mtu. Mwalimu akikuonea uliniambia, nami nilikwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuimbia hilo tangu utotoni, na wewe umenificha maradhi yangu mimi mwenyewe.

Basi barua yako ijayo usiniamkie. Hiyo shikamoo kaa nayo. Anza na ninachokosea.

Shangazi yako


Nyumbani kwangu
Jumatano, 2 Aprili

Shangazi,

Unakosea unaposema ulinilea nisimwogope mtu. Ulinilea nisimwogope mwalimu, nisimwogope jirani wala mbwa wa jirani. Wewe nilikuogopa. Tangu nipate akili sijawahi kumwona mtu akikuambia umekosea, kisha akakaa nawe chumba kimoja kwa raha. Baba alikuwa kaka yako mkubwa na alikuwa anatafuta maneno ukiingia. Barua ile ya Machi niliianza mara tatu ikiwa na neno "kosa" ndani yake. Kila mara nilikuona unaisoma, nikalifuta. Sikudhani huwezi kupona. Nilidhani hutanisamehe, na hilo niliona ni baya kuliko droni kuanguka. Nilikuwa nimepima vibaya.

Unakosea pia unapodhani ni mimi peke yangu niliyekuficha. Rubani alipokuja Ijumaa na gari kuchukua droni na betri zilizobaki, mkunga alimsindikiza mpaka barabarani. Alilia njiani. Alimwambia Rubani kwamba aliiona betri imevimba tangu wiki iliyotangulia, na kwamba kila alipompima mtoto wa mwalimu alihisi joto linatoka chini, siyo la kitanda. Alikuwa akimsogeza mtoto upande wa pili wa godoro. Ukitoka anamsogeza, ukirudi anamrudisha, kwa sababu wewe ulikuwa umempanga katikati. Hakukuambia. Alimwambia Rubani, mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza, kwamba kwako mtu hasemi, anasubiri aulizwe, na wewe huulizi.

Mimi kazini sipo tena. Mkuu aliniita jana. Hakukasirishwa na friji, alikasirishwa na uongo wangu kuhusu betri kuukuu, kwa sababu aliirudisha droni angani akiuamini. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Njia ya kilimani haijafungwa bado. Mkuu anataka kumpeleka mtu wa betri akae huko huko, na watakutana wiki hii kuamua. Nimemwambia amchague mtu asiyekujua.

Nimefikiria kuja kukuona, nitakuja, lakini si sasa. Kuna kazi huko isiyoweza kunisubiri. Yule mama wa pili, unayesema bado anakutia tumbo joto, nani anampima ukiwa kliniki ya watoto? Ni mkunga. Kama ameona kitu kwa mama yule ambacho wewe hujakiona, sasa hivi anakisogeza upande wa pili wa godoro.

Mwite leo, kabla hujakunja barua hii. Mfungie mlango, mketishe kwenye kiti chako, wewe ukae kwenye kile cha wagonjwa. Muulize ameona nini. Kisha nyamaza mpaka amalize.

Mwana wa kaka yako